Makala ya Nyufa

Fomu ya kupandishwa cheo ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na Mama Nyufa alizijaza zote isipokuwa ule wa tisa. Ukurasa wa tisa ulimtaka aorodheshe makala zote za kisayansi alizochapisha tangu aanze kazi, na mbele ya kila moja aandike imetajwa mara ngapi na watafiti wengine katika kazi zao. Aliubeba ukurasa huo kwenye mkoba siku nne nzima. Kila akiutoa, aliukunja tena na kuurudisha.

Jina la Mama Nyufa alipewa na wanafunzi wake. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha sayansi ya udongo katika chuo kikuu kimoja, katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofungika sawasawa, na kila mhula alianza na swali lilelile: kwa nini tope likikauka hupasuka? Wanafunzi walidhani hajui jina hilo. Alilijua. Hakuwa na mtoto, na kuitwa mama, hata kama ni mama wa nyufa, kulimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Alibakiza miaka miwili kustaafu, naye bado alikuwa profesa mshiriki. Ili awe profesa kamili, kamati ilitaka kazi zake ziwe zimetajwa na wenzake mara elfu moja.

"Mwalimu, nenda tu kwa mkutubi," Mkuu wa Idara alimwambia. Mkuu huyo alikuwa mwanafunzi wake zamani, na hata baada ya kupewa ofisi yenye zulia hakuwahi kumwita vingine. "Ana mashine inayohesabu yote hayo. Nusu saa tu umemaliza."

"Na ikitoka sifuri?"

"Haiwezi kutoka sifuri. Mimi mwenyewe nimekutaja mara tatu."

Mkutubi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alimvutia kiti, akaandika jina lake kwenye kompyuta, wakasubiri. Nje ya dirisha la maktaba jua la saa nane lilikuwa limeegemea kwenye nyasi kama limechoka. Orodha ikaanza kushuka. Makala thelathini na moja. Moja imetajwa mara tatu. Moja mara kumi na nne. Moja, aliyoihangaikia miaka minne na kuipenda kuliko zote, haikuwa imetajwa na mtu yeyote duniani. Mama Nyufa alijisikia kama mtu anayesomewa ripoti ya shule mbele ya wageni.

Kisha mkutubi akavaa miwani.

"Hii ya nyufa," alisema. "Elfu moja mia moja na tisini."

"Umekosea mstari."

"Mimi hukosea sana, Mama, lakini si leo. Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Ilikuwa makala fupi, kurasa sita, aliyoichapisha miaka ishirini na sita iliyopita katika jarida ambalo hata maktaba hii iliacha kulinunua. Ilieleza jambo moja tu. Tope likikauka hupasuka ovyo, nyufa zikikutana kwa pembe za kila namna. Ukililowesha taratibu, likakauka, ukalilowesha tena, siku baada ya siku, nyufa huanza kuhama. Zinasogea kidogo kidogo hadi tope zima linagawanyika vipande vinavyolingana, mfano wa sega la nyuki. Makala ilionyesha picha, ikaweka na hesabu ya mwendo huo.

"Lakini watu wa udongo hawajakusoma sana," mkutubi aliendelea, akishusha orodha kwa kidole. "Sitini na wanne tu. Hawa wengine sijui umewapatia wapi. Wahandisi wa barabara. Madaktari wa meno. Hawa wanatengeneza michoro ya zamani iliyochakaa. Huyu anachunguza ganda la mkate. Na hawa, wengi kweli, ni madaktari wa majeraha ya moto, wanalowesha ngozi inayopasuka ikikauka." Akamgeukia. "Mama, ulikuwa unatembea na nani wakati wa ujana wako?"

Mama Nyufa alicheka mpaka msomaji wa meza ya pili akainua kichwa.

Angeweza kuandika tarakimu hiyo siku ileile na kurudisha fomu. Badala yake alimwomba mkutubi amtolee nakala, si zote, zile sitini za fani za mbali kabisa. Kwa wiki mbili, kila alipomaliza kufundisha, alikaa kwenye kona ya maktaba karibu na rafu za ramani, akazisoma moja moja.

Hakuelewa kila kitu. Maneno ya madaktari yalimpita juu ya kichwa. Lakini mahali fulani katika kila makala, kama mtu anayemwona jamaa yake kwenye umati wa mji wa ugeni, alikutana na hesabu yake, herufi zake zilezile alizozichagua, ikifanya kazi ambayo hakuwahi kuiwazia. Katika moja ilikuwa inapima rangi ya shavu la mwanamke aliyechorwa miaka mia tatu iliyopita, rangi iliyopasuka vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Katika nyingine ilikuwa ndani ya jino. Joto la alasiri lilimlegeza, macho yakawa mazito, na kati ya kusoma na kusinzia alijiona anaingia vyumba hivyo kimoja kimoja. Aliona chumba cheupe na kitanda, na muuguzi aliyepinda mgongo, akilowesha kitambaa juu ya mkono wa mtu. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Alipita tu, viatu vyake havikutoa sauti, na kila mlango ulifunguka kwenye chumba kingine, na katika kila chumba kulikuwa na kitu kilichopasuka na mtu aliyekiinamia kwa uvumilivu. Alipozinduka karatasi zilikuwa zimeteleza sakafuni, na mkutubi alikuwa anazungusha funguo kidoleni akijitia hamwoni.

Siku ya tisa alifika kwenye makala ya watengenezaji wa michoro. Walikuwa wamechapisha upya picha yake ya pili, ile ya trei ya tope, wakaikuza ili mistari ionekane. Kwa kukuzwa vile, pembeni palionekana kitu ambacho kwenye jarida la zamani kilikuwa kivuli tu. Ulikuwa mkono ulioshika kopo la kumwagilia. Mkono wa mwanamume, wenye saa ya mkanda wa ngozi, na kidole gumba kimeziba nusu ya mdomo wa kopo ili maji yatoke kwa matone.

Mama Nyufa aliuangalia kwa muda mrefu. Usingizi wote ulimtoka.

Mkono huo haukuwa wake.

Mwaka ule alikuwa bado mwalimu kijana. Likizo ndefu ilipoanza aliiacha trei ya tope maabara, juu ya meza ya dirishani, akaenda kumuuguza mama yake. Alipanga kuitupa atakaporudi. Alikaa huko wiki saba, na aliporudi alikuta sega la nyuki. Fundi wa maabara, mtu mkimya wa kutengeneza mizani na kuosha chupa, alikuwa amelimwagilia kila asubuhi. Tena alikuwa ameandika kwenye daftari la shule, tarehe kwa tarehe, nyufa zimesogea kiasi gani, akipima kwa rula. Asubuhi iliyofuata Mama Nyufa alilipiga picha tope hilo, fundi akiwa analimwagilia. Mama Nyufa alilichukua daftari lile, akatengeneza hesabu, akaandika makala kwa siku kumi na moja kama mtu aliyepandwa na homa. Mwishoni aliweka mstari mmoja: *Mwandishi anamshukuru fundi wa maabara.* Hakuandika hata jina lake. Siku hizo mafundi hawakuandikwa. Hakuna aliyemwambia asiandike, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuandika.

Mama Nyufa alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mkunga mstaafu, mwanamke asiyejua kunong'ona. Jioni hiyo, alipotoka maktaba, alimweleza yote wakiwa wanakunja nguo zilizoanuliwa.

"Sasa kwa hiyo?" dada alisema. "Kazi ni yake au yako?"

"Hesabu ni yangu. Kuona ni kwake."

"Mimi nimezalisha watoto zaidi ya elfu mbili, mdogo wangu. Nimewashika kabla hata ya mama zao. Hakuna hata mmoja niliyekwenda naye nyumbani." Alipiga shuka kofi kulinyoosha. "Huyo mtu yuko hai?"

"Sijui."

"Basi anza na hapo."

Ofisi ya mafao ilimpa anwani. Fundi alikuwa amestaafu miaka kumi na mmoja iliyopita, na aliishi ghorofa ya kwanza ya jengo la rangi ya njano iliyofifia, nyuma ya kiwanda cha vioo. Mama Nyufa alipanda ngazi na bahasha yake kama mwanafunzi anayekwenda kuomba alama. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye kanga kifuani na simu begani, aliyemtazama, akakata simu, akageuka na kupaza sauti ndani:

"Baba watoto! Yule wa matope amekuja!"

Sebule ilikuwa ndogo na safi sana. Saa za ukutani zilikuwa saba, zote za watu, zimeletwa kutengenezwa, na kila moja ilikuwa na wakati wake. Fundi alitoka chumbani akifunga kifungo cha shati. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini mkono aliomnyooshea ulikuwa uleule.

"Karibu, Mwalimu. Umenenepa kidogo. Ni afya."

Chai ililetwa. Mama Nyufa alitoa nakala zake akazipanga mezani, akaanza kueleza: wahandisi, meno, michoro, ganda la mkate, watu waliopona majeraha ya moto. Alieleza haraka mno, akirudia maneno, na alipofika kwenye picha iliyokuzwa hakuweza kuendelea. Aliisukuma tu mbele ya Fundi.

Fundi aliinama. "Saa hii niliipoteza," alisema taratibu, akigusa mkono kwenye picha.

"Nilipaswa kuandika jina lako. Haikuwa bahati mbaya, wala sikusahau. Sikufikiri tu. Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinishukuru. Ipo pale mwisho. *Mwandishi anamshukuru fundi wa maabara.*" Alisema maneno hayo bila kuangalia karatasi, kama mtu anayetaja anwani ya nyumbani, na hapo Mama Nyufa akajua ameyabeba miaka yote hiyo.

Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. "Anayo nakala," alisema. "Iko kwenye sanduku la vyeti vya watoto. Mimi ndiye niliyeandika jina lake pale juu, kwa kalamu ya risasi. Yeye akafuta. Nikaandika tena."

"Mama watoto."

"Niache niseme. Nikaandika tena."

Saa zile saba za ukutani ziliendelea kusemezana juu yao. Mama Nyufa aliuliza swali alilotoka nalo maktaba. "Kwa nini ulilimwagilia? Sikukuagiza."

Fundi alizungusha kikombe chake. "Mwaka ule mke wangu huyu alikuwa amelazwa hospitali, pale ng'ambo ya barabara ya chuo. Wiki sita. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa naamka saa kumi, siwezi kulala tena. Nyumba ilikuwa kimya, sikuweza kukaa. Basi nilikuwa nafungua maabara mapema. Chuo kitupu, hamna mtu. Nikaliona lile tope limepasuka vibaya, nikalionea huruma, nikaweka maji kidogo. Kesho yake nikaona ufa mmoja umesogea. Nikasema hapana, macho yangu haya. Nikaleta rula." Aliweka kikombe mezani. "Kulikuwa na jambo moja tu asubuhi nzima ambalo nilikuwa na uhakika nalo. Nikitoka pale, naweza kwenda kumwona, nikacheka naye."

Mkewe aliweka birika chini. "Kumbe lile tope lilikuwa la siku zile! Ndiyo maana ulikuwa unakuja na kucha za udongo! Mimi nimelala pale nimetobolewa kila mahali, nadhani mume wangu analima bustani ya kuniletea maua!"

"Sikutaka kukwambia nalea tope."

Alicheka, na mkewe akacheka, na Mama Nyufa akajikuta anafuta macho kwa nakala ya wahandisi wa barabara.

Mama Nyufa alipoomba jina lake liandikwe kwenye makala, Fundi alikataa mwanzoni. Nani atamsoma yeye, alisema, na kwa lipi. Ni mkewe aliyemaliza maneno: aliingia chumbani, akarudi na nakala ya zamani iliyokunjwa nne, akaiweka mbele ya Mama Nyufa. Juu ya kichwa cha habari, kwa herufi za mviringo za mtu aliyesoma shule kidogo na kuipenda, jina la Fundi liliandikwa kwa kalamu ya risasi, juu ya alama ya jina hilohilo lililofutwa.

"Peleka hivi hivi," alisema.

Asubuhi iliyofuata Mama Nyufa aliandika barua kwa jarida. Mkuu wa Idara aliisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akafunga mlango.

"Mwalimu, sikukatazi. Naomba kitu kimoja tu. Subiri miezi mitano. Kamati ikutane, upate cheo, halafu utume barua hii na mimi nitaisaini pamoja nawe."

"Ina tofauti gani?"

"Kuna kanuni mpya. Makala ya watu wawili, kila mmoja anahesabiwa nusu." Alichora hesabu kwenye karatasi, kwa aibu, kama anayemwonyesha mgonjwa picha ya kifua chake. "Hizo nyingine thelathini uliandika peke yako, lakini zote kwa pamoja zinafika mia mbili ishirini na mbili. Ukiongeza nusu ya hii, mia nane na kumi na saba. Inakosa elfu."

Mama Nyufa aliitazama ile hesabu. Ilikuwa sahihi, yeye ndiye aliyemfundisha kupanga tarakimu vizuri namna ile.

"Miezi mitano," Mkuu alirudia kwa upole. "Amesubiri miaka ishirini na sita."

"Ndiyo maana," alisema, na akaichukua barua yake.

Hakuwa shujaa kiasi ambacho dada yake alikuja kukisimulia baadaye kwa majirani. Alikaa na barua ile ofisini mpaka saa tisa, akaisoma mara sita, akajiuliza kama kuna ubaya gani miezi mitano. Alifikiria zulia, na mlango wenye jina lake na cheo kipya mbele yake. Akafikiria pia kwamba mtu akisubirishwa kwa ajili ya jambo jema bado anasubirishwa. Akaituma. Kisha akashuka kwenye maegesho, akaingia kwenye gari lake, akafunga vioo na kulia kwa sauti hadi mlinzi akaja kumuuliza kama gari limegoma.

Mambo yalikwenda kama Mkuu alivyosema. Jarida lilimtaka Fundi aandike mwenyewe alichofanya, na aliandika nusu ukurasa, bila neno la ziada, wakaambatanisha daftari la shule ambalo Mama Nyufa alilikuta chini ya kabati. Mwezi wa nne masahihisho yalichapishwa. Jina la Fundi lilikuwa la kwanza, kwa ombi la Mama Nyufa, na la kwake la pili. Mwezi wa tano kamati ilikutana, na barua ikaja ikimshukuru kwa utumishi wake na kumwarifu kwamba vigezo havikufikiwa. Dada yake aliisoma kwa sauti mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Mama Nyufa aliumia, na aliendelea kuumia kwa wiki kadhaa, hasa asubuhi akipita mbele ya milango yenye majina. Halafu maumivu yakapungua. Akaendelea kufundisha, na alistaafu akiwa profesa mshiriki.

Lakini kabla hajastaafu, ilikuja barua pepe kwenye anwani ya idara, imeandikiwa mwandishi wa kwanza. Ilitoka kwa daktari mmoja wa majeraha ya moto, mwanamke aliyekuwa ameitumia makala ile miaka tisa. Aliomba kuzungumza na Fundi, kama hatajali.

Wakakutana ofisini kwa Mama Nyufa, siku ya katikati ya wiki, saa za alasiri. Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata, na mkewe akaja nyuma yake kwa sababu, alisema, hakuna aliyemwambia asije. Uso wa daktari ulitokea kwenye kompyuta, umechoka na mchangamfu, na nyuma yake ukuta mweupe.

"Baba, shikamoo. Nina swali dogo, nalionea aibu kidogo," daktari alisema. "Makala inasema mlilowesha kwa maji kila asubuhi. Haisemi maji ya namna gani. Sisi tumejaribu kila kitu na haitoki sawa na yenu."

Mama Nyufa alifungua kinywa kujibu kwamba yalikuwa ya bomba, ya kawaida. Ndivyo alivyodhani miaka yote. Fundi alimtangulia.

"Ya bomba, mwanangu. Lakini nilikuwa nayaacha juani kwanza. Nilikuwa nayachota jana yake, nayaweka dirishani kwenye kopo. Asubuhi unaingiza kidole, husikii baridi wala joto. Hapo ndiyo unamwaga."

"Kwa nini?"

"Kumwagia kitu kilichopasuka maji ya baridi asubuhi, niliona si vizuri."

Daktari aliinamisha kichwa. Alikuwa anaandika. Mama Nyufa alimgeukia Fundi, na kwa miaka ishirini na sita ya hesabu zake hakuwa amewahi kumuuliza jambo hilo, wala halikuwa limempita akilini.

"Na kidole gumba?" daktari aliuliza. "Kwenye picha naona umeziba mdomo wa kopo. Kiasi gani?"

Fundi alivuta kiti karibu na kompyuta. Akainua mkono wake mbele ya kamera, akapinda vidole kama amebeba kitu, na kuanza kumwonyesha.